Duara Ndani ya Mtutu wa Baba

Hoikkalampi, 29 Agosti 1996

Kaka Kauko,

Hakuna aliyekufa. Najua ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha utawaza mama kwanza, basi tulia: mama ana miaka themanini na mbili, bado anapasua kuni mwenyewe, na anamgombeza kila anayejaribu kumpokea shoka. Hajui kama nakuandikia. Ukinijibu, tumia anwani ya karakana ya manispaa ninakofanya kazi, si ya nyumbani. Unajua kwa nini.

Nina shida ya kifundi. Binti yangu Virpi ametimiza miaka kumi na tisa. Amefaulu mtihani wa shabaha kwa bunduki ya kuazima, na Jumamosi ya tarehe 28 Septemba, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, anaingia msituni na kikosi chetu kama mwindaji kamili, si wa kubeba chupa ya kahawa. Bunduki ya baba nampa yeye. Nimemnunulia na kiwambo cha kuzuia mlio, maana mimi sikio la kulia limekwisha na la kushoto linaaga. Mbwa akibweka ng'ambo ya bwawa, najua amebweka kwa sababu nimemwona mwenzetu Urpo akigeuza kichwa. Sitaki binti yangu afike umri wangu akisoma watu midomo.

Lakini mtutu wa baba ni laini mdomoni, hauna hesi, ile mistari ya skrubu ya kufungia kiwambo. Yuko fundi Kajaani anayekata, ila nasikia yeye hufuata ngozi ya nje ya mtutu, hafuati tundu la ndani, na kiwambo kikikaa upande risasi inakitoboa. Kila ninayemuuliza hapa ananiambia, "Mpelekee Heikura wa Iisalmi, yule hakosei." Wananiambia mimi, Heikura mwenzake, kana kwamba simjui! Natikisa kichwa tu.

Simu sipigi. Sisikii vizuri kwenye simu, na hata ningesikia, sijui ningeanzia wapi. Tangu tumzike baba ni miaka kumi na moja hatujasemezana. Siombi tuanze leo. Naomba hesi.

Mdogo wako,
Ahti


Iisalmi, 3 Septemba 1996

Ahti,

Nimeipata. Lete.

Bunduki itume kwa basi la mizigo. Bolti, kile kifungio cha risasi cha nyuma, itume kwa basi la kesho yake, visisafiri pamoja. Kiwambo nacho kije. Sikati hesi kwa kusoma karatasi ya dukani, nakata huku nakivisha.

Na uniandikie aibu zake. Desturi ya baba unaikumbuka: anayemkabidhi mwenzake bunduki humtajia kwanza aibu zake zote, kubwa na ndogo, ndipo anaiachia mkono. Wateja wangu wote nawauliza hivyo. Mtu wa kwetu atakudanganya kuhusu gari analouza, atakudanganya samaki alikomvulia, lakini kuhusu bunduki hadanganyi. Kwa hiyo sijawahi kumuuliza mtu mara mbili.

Mpe binti hongera. Nilimwona mara ya mwisho ana miaka minane, hana meno ya mbele.

Sikudhani ningeishika tena bunduki ile. Sababu unaijua, kijiji kizima kinaijua.

Kauko


Hoikkalampi, 7 Septemba 1996

Kaka,

Imepanda basi leo, bolti kesho. Dereva ameniuliza ndani ya boksi kuna nini, nikamwambia fimbo ya kuvulia. Akacheka, "Fimbo ya kuvulia kulungu!" Huku siri haina pa kulala.

Aibu zake ni hizi. Kitako kina jeraha upande wa kulia, niliiangusha ndani ya mtumbwi mwaka 1989. Skrubu ya mbele inalegea kwenye baridi kali. Risasi ya kwanza ya asubuhi huenda kushoto kidogo. Mtutu ulipasuka mdomoni Novemba 1968 kwa sababu ya theluji, fundi akaukata upana wa vidole viwili. Hilo unalijua kuliko mimi. Basi.

Mama ameona kabati liko wazi. "Bunduki iko wapi?" Nikasema iko kwa fundi. "Fundi gani?" Wa mbali, mama. Akanitazama. "Si yule aliyemtoa baba yako jicho?" Nikamwambia si yule. Nisamehe, kaka, ningefanyaje? Likitajwa jina lako mezani anasimama na sahani yake anakwenda kumalizia jikoni.

Virpi ananiuliza kwa nini ana baba mkubwa asiyemjua. Nikamjibu una shughuli nyingi. Akasema, "Miaka kumi na moja ya shughuli, baba? Ameajiriwa na nani huyo?" Mdomo amerithi kwa bibi yake, huo haukatwi kwa mashine.

Tarehe usisahau: 28. Anahesabu siku ukutani.

Ahti


Iisalmi, 13 Septemba 1996

Ahti,

Nimeifunga kwenye mashine ya kukerezea jana. Tundu na ngozi ya nje havikubaliani, umefanya vyema kutokwenda Kajaani. Hilo nimelirekebisha, ninafuata tundu. Siandiki kwa ajili ya hilo.

Nilipoupitishia taa nimeona duara la kiza ndani, upana wa vidole viwili kutoka mdomoni, pale pale hesi itakapoishia. Limezunguka lote kama pete. Kwa nje halionekani wala halipapasiki.

Duara la namna hii lina maelezo mawili tu. La kwanza ni kutu: mtu aliziba mdomo kwa kitambaa akakisahau, unyevu ukakaa. Kutu ya hivyo ni ya juu juu, haina neno. La pili ni kwamba mtutu huu ulipigwa ukiwa umeziba, na chuma kikavimba kutokea ndani. Hapo huwa na ufa ambao taa yangu haiuoni.

Theluji yangu ya mwaka 1968 siyo. Ile ilipasua mdomo, na kipande kile kilikatwa kikatupwa. Risasi moja haifanyi majeraha mawili mbalimbali hivi. Kama ni la pili, basi yuko mtu aliyewahi kupiga na bunduki hii ikiwa imeziba siku nyingine, si siku ile ya baba.

Utasema imeshika miaka yote. Imeshika kwa sababu chuma ni kinene. Nikikata hesi nakipunguza nusu, juu ya duara lenyewe. Kama pana ufa utafunguka. Labda risasi ya tatu, labda ya thelathini. Uso wa Virpi utakuwa umelala juu ya kitako.

Kwa hiyo nijibu: bunduki hii iliwahi kupigwa ikiwa imeziba, ukiacha siku ile ya baba? Ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo, mtutu huu nautupa, na mpya hauwezi kuwa tayari kabla ya mwisho wa Oktoba. Ukisema hapana, nakata.

Wewe ndiye uliyeishi nayo. Neno lako linanitosha.

Kauko


Hoikkalampi, 15 Septemba 1996
(haikutumwa)

Kaka Kauko,

Jibu ni ndiyo.

Ni mimi. Jumamosi ile ya Novemba ulirudi na bunduki ukaitundika kibarazani, ukaingia sauna kuoga mvuke na baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano na sijaruhusiwa kuigusa. Nikaichukua. Nilikuwa nimeona jogoo-mwitu mkubwa juu ya msonobari nyuma ya ziwa, nikasema nitampiga niwarudie naye mezani, mshangae. Kwenye mteremko skii, ule ubao wa kutelezea thelujini, ikanikwama nikaanguka kifudifudi, bunduki ikazama kwenye theluji mdomo mbele. Nikaifuta kwa glavu. Nikachokonoa kwa kijiti, nikaona theluji imetoka, nikadhani inatosha. Nikapiga. Ilinirusha kama teke la farasi, mlio ulikuwa wa ajabu, na ndege akaruka zake. Nikarudi mbio nikaitundika ilipokuwa, mdomo haujakauka, sikuangalia tena ndani. Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri, maji ya mdomoni yakaganda.

Asubuhi baba akaichukua akaenda nayo. Mengine unayajua.

Mliporudi na baba ana kitambaa usoni, mama akauliza nani aliibeba kabla yake. Ukasema ni wewe. Ukasema ulisimama njiani kufunga kamba ya skii ukaiegemeza kwenye theluji. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko. Nilifungua mdomo, kaka, nakuapia nilifungua. Ukaongea wewe kwanza, ukalibeba, na baada ya hapo kila siku iliyopita ilizidi kuufunga


Hoikkalampi, 16 Septemba 1996

Kaka,

Hapana.

Ni kutu. Baba alikuwa na tabia ya kuziba mdomo kwa kitambaa cha mafuta kila msimu ukiisha, nilikuwa namwona kwa macho yangu, na miaka ile ya mwisho alikuwa anasahau kukitoa hadi Agosti. Hata mama anaweza kukuambia, ila ndiyo hivyo, huwezi kumuuliza. Mimi nilikitoa mwenyewe mara moja kimeoza kabisa. Kwa hiyo ni kutu, huna haja ya kuhangaika. Mimi nimepiga nayo tangu 1985, kulungu wasiopungua arobaini, haijawahi hata kukohoa.

Kata. Mtoto anasubiri. Ukisema Oktoba utamvunja moyo, na kikosi kimeshampangia kituo chake.

Ahti


Iisalmi, 23 Septemba 1996

Ahti,

Imekwisha. Bunduki ipo kwenye basi la leo, bolti la kesho.

Hesi imenyooka na tundu, nimepitisha chuma cha kupimia kutoka nyuma hadi nje ya kiwambo, hakigusi popote. Mwambie Virpi akifunge kwa mkono tu, asitumie koleo, na akague kama hakijalegea kila baada ya risasi chache. Akikitoa, kile kifuniko kidogo akirudishe kulinda hesi. Shabaha itakuwa imehama, lazima mpige karatasi kabla ya Jumamosi.

Nimeifunga kwenye meza nikapiga tano kwa kuvuta kamba, nikiwa nyuma ya ukuta. Sikufanya hivyo kwa kukushuku. Nafanya hivyo kwa kila mtutu. Imeshika. Lakini fahamu, tano hazithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni neno lako.

Malipo hakuna. Ni bunduki ya baba.

Nikuambie jambo moja. Nilipoishika mara ya kwanza sikuifungua siku mbili, iliegemea ukutani nami nikawa naizunguka. Seija akanicheka, mke wangu huyu hajui hadithi yote. Sasa nafurahi kwamba ilipita mikononi mwangu ikaenda kwa mtoto ikiwa salama. Nimeisubiri kazi hii muda mrefu bila kujua kwamba naisubiri.

Kaka yako,
Kauko


Hoikkalampi, 29 Septemba 1996

Kaka Kauko,

Virpi mzima. Hana hata mkwaruzo. Soma sasa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine ya tarehe 15. Isome hiyo kwanza halafu urudi hapa. Niliiandika, nikaikunja, nikaiweka ndani ya buti langu la mpira, na kesho yake nikakuandikia uongo.

Barua yako ya mwisho ilinifikia Jumatano, ile uliyoandika "kaka yako". Sikulala. Ijumaa nikamwambia Virpi shabaha nitarekebisha mimi. Nikaenda shimo la kokoto peke yangu, nikalala kifudifudi, nikafunga macho, nikapiga. Nikasema kama ni kupasuka ipasukie kwangu. Nilipiga kumi na mbili, kaka. Ilishika zote. Nikajipa moyo kwamba imepona, kama vile chuma ni mafua. Jumamosi asubuhi nikamkabidhi mtoto wangu, akaniuliza, "Aibu zake, baba?" Nikataja kitako, skrubu, risasi ya kwanza ya asubuhi. Nikaachia mkono.

Tulikuwa kumi na tatu. Virpi alipewa kituo cha ukingo wa bwawa, mimi niko kilomita nzima kutoka kwake kwenye kipara cha mlima. Saa tatu mbwa akabweka, sikumsikia, nilisikia redio tu. Urpo akasema, "Dume kubwa, linateremka kwa Virpi. Binti tulia, litakuja lenyewe." Halafu, "Mita mia." Halafu, "Themanini."

Kaka, mimi si jasiri. Nilishika kile kitufe cha redio nikakiachia, nikakishika nikakiachia. Urpo akasema sitini. Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Virpi, usipige. Toa risasi. Mtutu huo mbovu."

Urpo akafoka, "Ahti, umelewa? Nyamaza, unamfukuza mnyama!"

Nikasema, "Sijalewa. Mtutu mbovu. Niliupiga umejaa theluji mwaka sitini na nane, siku moja kabla ya baba. Halikuwa kosa la Kauko. Ni langu. Virpi, toa risasi, nakuomba mwanangu."

Redio zote kumi na tatu zilikuwa wazi. Mimi nilidhani masikio ndiyo yamekufa kabisa. Kisha Virpi akasema, "Nimetoa, baba." Basi. Dume lilipita mbele yake mita thelathini, yeye amekaa na bunduki tupu magotini.

Kwenye moto wa mchana hakuna aliyenimiminia kahawa. Nikajimiminia. Urpo alikuwepo mwaka ule wa 1968, ndiye aliyemshika baba kichwa kwenye gari hadi hospitali. Alikaa ng'ambo ya moto ananitazama, soseji yake ikaungua ikawa mkaa, hakuigeuza. Mwisho akasema tu, "Yule kijana tulimfanyia nini, jamani?" Wala hakuniuliza mimi, alikuwa anauliza wenzake. Virpi hakusema nami ndani ya gari, na hadi leo hajasema.

Nilitaka kumwambia mama mwenyewe. Nikakuta mke wa Urpo ameshapiga simu. Mama alikuwa amekaa mezani, mikono juu ya meza, jiko limezimika. Akaniuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na tano. Akasema, "Na leo?"

Nikainama kuliwasha jiko.

Bunduki nimeirudisha kwako kwa basi la leo. Ukate, uangalie, ufanye upendavyo. Sikuombi kitu. Naogopa hata kusaini.

Ahti


Iisalmi, 9 Oktoba 1996

Ahti,

Nimekaa na barua yako siku nane. Nilianza kuandika mara nne, Seija akazitia barua hizo motoni, akasema hizi huwezi kumtumia mtu uliyezaliwa naye.

Nimeupasua mtutu kwa urefu. Ufa upo, umetokea ndani ya duara, umepanda hadi chini ya mstari wa tatu wa hesi. Urefu wake ni ukucha wa kidole gumba. Palipobaki pazima ni unene wa kadi ya posta. Kumi na mbili zako na tano zangu ziliufungua hapo. Sijui ingekuwa risasi ipi. Haikuwa mbali.

La mwaka 1968 sina la kukuambia. Ulikuwa mtoto, uliogopa, mama alikuwa anapiga kelele. Mimi mwenyewe nilisaidia kukuficha bila kujua, maana nilisema nilichoamini. Kweli niliegemeza bunduki kwenye theluji. Nimeiona theluji ile kila siku kwa miaka ishirini na minane. Sijawahi kuwinda tena. Hakuna bunduki inayotoka karakana hii kabla sijaingiza kijiti mdomoni mara tatu. Wateja wananisifu kwa uangalifu, nami nikisifiwa nageukia mashine. Baba alipokuwa anapapasa kikombe upande wa kushoto nilikuwa natoka nje. Ndiyo maana nilihama. Mlisema nina kiburi.

Hayo nayaweka kando. Lakini tarehe 16 Septemba ulikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilikuuliza nikiwa fundi. Nilikuandikia kabisa kwamba uso wa mtoto utakuwa juu ya kitako. Ukanijibu hapana, na ukamtia baba ndani yake, na kitambaa chake cha mafuta, mtu ambaye hawezi kukukanusha.

Fikiria ingepasuka. Fikiria nani angesemwa. Mimi ndiye niliyekata hesi ile, kwa mikono hii. Ningemuua mtoto wako, Ahti, na kwa mara ya pili ningeamini kwamba ni mimi. Wewe ungekuwa unajua, na ungeniacha niamini. Ungeniacha. Hilo ndilo sijui nilipeleke wapi.

Ulibonyeza kile kitufe. Nimelizingatia. Bila hilo nisingekuandikia hata mstari huu.

Virpi namwekea mtutu mpya, na hesi nitamkatia. Utakuwa tayari wiki ya mwisho ya mwezi. Aje kuuchukua yeye, mwambie kuna kitanda na Seija amefurahi. Wewe usije naye.

Msamaha usiulize. Sina sasa. Siwezi kukuahidi lini.

Kauko


Hoikkalampi, 14 Oktoba 1996

Kauko mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu, vumilia mistari. Ahti alitaka nimwambie aandike yeye, nikamwambia atoke nje.

Barua yako amenisomea yote, nilimlazimisha. Alipofika pa kikombe alisimama, nikamwambia endelea.

Baba yako hakusema hata siku moja kwamba ni wewe. Nataka ulijue hilo. Alikuwa akisema theluji ni theluji. Ni mimi niliyesema. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na wewe ulisimama hapo ukajitoa, nikakuchukua. Urpo amekuja juzi akakaa hapa jikoni, mwanamume mzima analia. Sikumnyamazisha, nikaona alie tu.

Siku ya mazishi ya baba yako ulikuja umevaa koti jeusi la kuazima, mikono ya koti mifupi. Ulikuwa unaelekea mbele tulipokaa. Nikakuambia mbele ya watu wote, wewe kakae benchi la nyuma. Ukaenda ukakaa. Hukubisha hata neno. Nikajisemea, angekuwa hana hatia angebisha. Mimi na akili zangu.

Nimemwuliza Ahti kama alinisikia siku ile. Anasema alisikia, masikio yalikuwa bado mazima.

Sitakuomba radhi kwa karatasi. Jambo hili linataka uso kwa uso, na mimi nauogopa uso wako, lakini nitautazama.

Siku ya Watakatifu ni Jumamosi tarehe mbili Novemba, ibada saa nne asubuhi, baadaye watu wanawasha mishumaa makaburini. Nitasimama nje ya mlango wa kanisa. Sitaingia mpaka ufike tuingie wote hadi mbele. Usipokuja sitakulaumu, nimeshakulaumu ya kutosha. Ila nitasimama pale pale hadi ibada iishe, na wakitoka wote wanione.

Mama yako,
Hilja